Mikono ya Mshika Kamba

Karama, Dubai
9 Februari 2025

Shemeji Elisante,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta salama na nyonga imepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima, tunafaidi kibaridi cha Februari kabla joto halijaturudia. Dada yako Martina ananiambia Fortunata wetu ameanza kuimba, anawafuatisha watoto wa kwaya. Nimefurahi sana.

Najua umeshangaa kuona jina langu. Tangu msiba wa mzee, baba yenu, hatujaongea, na hata pale msibani hatukuongea. Naomba tuyaweke kando, maana nina shida ya kazi na hakuna mwingine wa kumwuliza.

Onyesho letu la Nyuma ya Kamera, hili ulilonileta wewe mwenyewe kulifanyia kazi, linataka kufungwa. Bosi wetu, sir Humam, alituita wote akasema wageni wa bustani ya filamu hawahitaji tena kuonyeshwa filamu inavyotengenezwa. Mvua ya bomba, kitambaa cha kijani, mtu kuanguka kutoka ghorofa ya pili, yote hayo mtoto ameshayaona kwenye simu akiwa amelala kitandani. Wageni wanapita mlangoni kwetu kukimbilia treni ya kupinduka. Ukumbi ule wa watu mia nne, juzi walikuwemo ishirini na sita, na nusu yao walifuata kiyoyozi.

Mimi sasa ndiye mkuu wa onyesho. Nimepewa mpaka Aprili nilete wazo la kuliokoa, la sivyo khalas, basi tena. Tuko watu kumi na wanne. Wewe ndiye uliyekuwa na mawazo, shemeji, mimi nilikuwa mshika kamba wako tu. Nisaidie.

Wako,
Shemeji yako, Faustine

---

Korogwe
2 Machi 2025

Shemeji Faustine,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tatu, unisamehe. Sisi tuko salama. Mama anaendelea na dawa za presha. Martina na mtoto nawaona kwa mbali kanisani, wanaonekana wazima. Nyonga iko vilevile. Natembea na fimbo, na siku za mvua sitembei. Hamuza amenipa kazi kwenye studio yake, nakata video za harusi, kwa kuwa ni kazi ya kukaa.

Nimeifikiria shida yako. Nadhani sir Humam amekosea. Watu bado wanataka kuona nyuma ya kamera, ila sisi hatukuwahi kuwaonyesha. Tulimwambia mgeni njoo uone ukweli wa filamu, halafu tukamwigizia. Yule mwongozaji anayepiga kelele ni mwigizaji. Lile kosa la taa kuzimika limepangwa, linatokea saa nane na saa kumi kila siku. Zamani mgeni alikuwa halijui hilo. Siku hizi analigundua kabla hajakaa, anaondoka.

Waonyesheni makosa yenyewe. Ghala la picha lina mazoezi ya miaka yote, mtu anakosa godoro, farasi anagoma, mvua inamwagikia wageni. Yawekeni kwenye kioo kikubwa, na pembeni asimame mtu aliyekuwepo siku hiyo aeleze kilichotokea. Hicho simu haiwezi kumpa mtu. Mwombe Annah, yule Mkenya wa ghala la picha. Nasikia amerudishwa kitengo hicho mwaka jana.

Shemeji yako,
Elisante

---

Karama, Dubai
14 Machi 2025

Shemeji Elisante,

Shikamoo sana. Mama anaendeleaje? Mpe pole. Sisi tunakwenda na Ramadhani, bustani inafunguliwa jioni tu, kwa hiyo mchana ninao muda wa kuandika.

Wazo lako limewaka moto. Sir Humam alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema yalla, haya, tengeneza, tuwaonyeshe wakurugenzi tarehe 17 Aprili. Sikukutaja, na nakwambia mapema usije ukasikia kwa wengine. Sikufanya kwa ubaya. Jina lako humu ndani bado lina lile faili la ajali, wangelikataa wazo kwa sababu ya mtu.

Annah ameanza kuchambua. Ana makosa ya kuchekesha ya kutosha, lakini sir Humam anataka na jambo moja zito la kufungia, kitu cha kuwanyamazisha watu. Annah akaniuliza kama tunaweka ya tarehe 14 Septemba 2021. Nimeona si vizuri kuamua bila wewe. Picha tuliyoiona wakati ule ni ile ya mbele tu, wewe unaanguka. Ukikataa nitaelewa kabisa.

Shemeji yako,
Faustine

---

Korogwe
20 Machi 2025

Shemeji Faustine,

Marahaba. Mama amepata nafuu kidogo, asante kwa kumwuliza.

Sikatai. Aliyeanguka ni mimi, na natoa ruhusa. Nimeandika karatasi na kutia saini, nimeambatanisha hapa umpe Annah. Aweke chochote alichonacho cha siku hiyo, akipange anavyoona yeye. Nakushauri usiitazame kabla. Ukiitazama kwanza utaongea kama mwigizaji, na wakurugenzi wale wamechoka na waigizaji. Kaa mbele, waambie wewe ndiye uliyekuwa umeshika kamba, kisha eleza.

Nina neno moja tu. Kama kuna jambo la siku ile ambalo hukuniambia, au hukuliandika kwenye ripoti ya ajali, niambie sasa kabla ya tarehe 17. Niambie mimi peke yangu. Nitalipokea, na picha nitaizuia.

Shemeji yako,
Elisante

---

Karama, Dubai
1 Aprili 2025

Shemeji,

Shikamoo, na heri ya Idi kwa majirani zenu. Huku tumekula pilau la watu mpaka tumechoka.

Karatasi nimempa Annah. Una moyo mkubwa, kaka, wengi wasingekubali. Kuhusu siku ile sina zaidi ya yale niliyoandika kwenye ripoti. Yamepita. Mimi sikuhesabii kosa, kila mtu ana siku yake ya udhaifu, na pombe imewaangusha watu wakubwa kuliko wewe. Niliandika nilichokiona, iliniuma kuliko unavyofikiri.

Tuombeane tarehe 17.

Shemeji yako,
Faustine

---

Karama, Dubai
3 Mei 2025

Elisante,

Uliijua ile kamera.

Nakueleza ilivyokuwa, ingawa nadhani Annah ameshakueleza. Walikuja wakurugenzi sita. Nilikaa mbele kama ulivyoniambia. Makosa ya mwanzo waliyacheka, mmoja wao alifuta machozi. Mama mmoja wa kutoka ofisi kuu akasema kumbe onyesho hili lilikuwa linahitaji ukweli tu. Nikasimama kueleza ya mwisho. Nikasema huyu ni shemeji yangu, alipanda ghorofani akiwa amelewa, mimi nilishika kamba kwa nguvu zangu zote lakini hakujifunga mkanda sawasawa.

Nikiwa bado naongea, kioo kikagawanyika mara mbili. Upande mmoja wewe uko juu. Upande wa pili ni mimi, nimepigwa picha kutoka chini ya boriti, uso wangu na mikono yangu. Mkono mmoja kwenye breki ya kamba. Mkono mwingine una simu, naongea, nacheka. Kisha nauhamisha mkono wa breki kuziba sikio la pili ili nisikie vizuri. Kwenye upande wako kamba inalegea.

Sir Humam aliniuliza tu, "Kwa hiyo huyu mtu alikuwa amelewa?" Wakairudisha, wakaitazama tena.

Wamenifuta kazi na visa inakatwa. Onyesho wamelifunga. Wanasheria wao wamesema picha zote za mazoezi zifungiwe na asiruhusiwe mgeni yeyote kuona nyuma ya kitu chochote. Wenzangu kumi na watatu wametawanywa, wengine usafi, wengine wamerudishwa kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah kungoja. Yekoniya, Mganda aliyeshika nafasi yako, ameniuliza walichokukosea wao.

Nina ombi moja, na nakuomba kama mtu anayepiga magoti. Martina mwambie lolote. Mwambie nilikuacha uanguke, mwambie nilikusingizia ulevi, nitakubali yote. Ila picha yenyewe usimwonyeshe.

Faustine

---

Korogwe
11 Mei 2025

Faustine,

Mama ni mzima. Mengine hukuuliza.

Ndiyo, niliijua. Niliifunga mimi na Annah ulipokuwa likizo huku Julai na Agosti. Nilitaka wageni waone mikono ya mshika kamba, maana maisha ya anayeanguka yako humo na hakuna anayeitazama. Ilikuwa majaribio. Ulirudi, hatukupata hata nafasi ya kukuambia, na wiki iliyofuata nikaanguka. Nilipozinduka hospitali Annah alikuwa ameshahamishwa kitengo, na nilipelekwa uwanja wa ndege nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Niliandikia kampuni mara mbili kuuliza habari za kamera ile. Hawakujibu. Sikuwa na hakika hata kama siku hiyo ilikuwa inafanya kazi. Nimepata hakika Februari, ulipoandika wewe, nikamtafuta Annah.

Ningeweza kumwomba anitumie kimyakimya. Sikutaka. Nilitaka uione ukiwa umekaa kwenye kiti cha mbele, mdomo wako ukiwa katikati ya neno lilelile. Nimelala vizuri tangu siku ile, sikufichi.

Wewe unadhani uliniharibia nyonga. Nyonga ningeisamehe, kamba ni kamba, mtu huteleza. Baba alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na mitatu. Barua yako kwa Martina ilisomwa nyumba kwa nyumba, kwamba kijana wake anakunywa mpaka anaanguka kazini Uarabuni. Jumapili iliyofuata aliomba kupumzika uzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Nilimwapia, akaniambia, "Faustine angesema uongo kwa faida gani?" Alikufa akiwa na swali hilo. Hadi leo nikipita sokoni wananiita Dubai Bia, na mimi sijawahi kuonja hata togwa iliyochachuka. Dada yangu wa tumbo moja ananisalimia kwa kichwa.

Wale kumi na watatu nimewafikiria. Siwezi kukudanganya kwamba wamenizuia.

Ninachotaka ni hiki. Pentekoste ni tarehe 8 Juni. Njoo, usimame mbele ya kanisa, useme kwa mdomo wako ulichofanya, na useme jina la baba. Usipofika, Martina ataiona picha siku hiyohiyo. Annah amenitumia.

Elisante

---

Korogwe
15 Juni 2025

Shemeji Faustine,

Sijui kama unasoma. Namba yako imezimwa, na Yekoniya ameniambia uliondoka Karama bila kuaga, labda uko Sharjah, labda Oman. Naandika kwenye anwani hii kwa kuwa sina nyingine.

Hukuja. Nilikaa benchi la mbele siku ya Pentekoste mpaka watu wakatoka. Mchana nikaenda kwa Martina na simu yangu. Alinifungulia mlango akiwa amekunja uso kama kawaida yake. Nikamwambia kaa, tazama, halafu ndiyo uninyime salamu vizuri. Kiburi kilinijaa, nakiri.

Aliitazama mara moja. Nilimngoja alie au aniombe msamaha. Alichukua simu mkononi mwangu, akairudisha nyuma mwenyewe, akaitazama tena, akasimamisha pale unapocheka. Akasoma saa iliyoandikwa pembeni. Kisha akasema, "Hapo alikuwa anaongea na mimi."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anamweleza mgeni. Asubuhi ile alikuwa ametoka zahanati, akiwa na furaha akakupigia kukwambia ana mimba. Ulimwambia uko kazini, utampigia baadaye. Akakuambia hapana, subiri, sikiliza kwanza. Kulikuwa na kelele, akakuambia uzibe sikio.

Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia mshika kamba hapokei simu hata akipigiwa na nani, na kwamba aliyesema uongo ni wewe peke yako. Aliitikia kila neno. Alinichemshia chai, akaniomba radhi kwa miaka yote minne, akanipigia magoti mimi kaka yake, na sikupata utamu wowote niliokuwa nautarajia.

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Fortunata akimwimbia anatoka nje. Juzi alimwambia mama kwamba mtoto huyu alinunuliwa kwa mguu wa mjomba wake. Nimemkataza kusema hivyo. Haniamini mimi, anadhani namhurumia.

Sasa nimeelewa ulichokuwa unaficha kwenye ombi lako. Ungeniambia ningeifuta. Labda nisingeifuta, sijui. Mwezi wa tano nilikuwa mtu wa namna nyingine.

Sijakusamehe kwa ajili ya baba, na usisome barua hii kama msamaha. Ya kanisani nimeyaacha. Wakitaka kuniita Dubai Bia na waniite. Lakini wewe peke yako ndiye uliyekuwa upande wa pili wa simu ile. Njoo umwambie ungeweza kuikata. Mwambie ulijua ninapanda, ukaamua kuendelea kuongea. Hata kama si kweli, Faustine, mwambie. Uongo unaujua.

Mlango wa kwangu uko wazi kwako mpaka utakapomaliza kusema naye. Baada ya hapo tutaonana mimi na wewe.

Kaka yake Martina,
Elisante