Kazi Niliyoianza Kabla ya Kupewa

Morogoro, Juni 1996

Mke wangu mpenzi, Mama Neema,

Habari za nyumbani Ilembo? Mama na magoti yake wanaendeleaje? Na Neema wetu, bado anakula udongo? Mimi mzima, kile kikohozi kimeisha, nimekonda kidogo tu, usishtuke ukiniona. Jambo lenyewe sitalizungusha: nimepata kazi. Rudia kusoma hapo, sijakosea kuandika. Nimepata kazi, mke wangu!

Najua unachokumbuka, maana hata mimi nakikumbuka kila siku. Kiwanda kilipotufungia na miezi ikapita, ulisimama pale stesheni na mtoto mgongoni ukaniambia, "Baba Neema, nakwenda kwa mama yako. Nitarudi siku utakapopata kazi. Shida naziweza. Nisichoweza ni kukuangalia umekaa kizingitini toka asubuhi mpaka jua linazama." Niliumia, na treni ikaondoka. Leo ni miaka miwili.

Baada ya nyie kuondoka niliandika barua za maombi mpaka karani wa posta akawa ananiita mwandishi. Majibu hayakuja. Kila geti nililofika lina kibao, Hakuna Kazi. Basi nikarudi kizingitini kwangu nikakaa. Ulikuwa umesema kweli, na ndiyo maana niliudhika.

Sasa sikia. Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi moja, napita zangu karibu na karakana ya mbao nikasikia harufu. Mama Neema, ilikuwa mninga! Lori linashusha mbao, zimeandikwa kwa chaki "Mpanda". Nilisimama hapohapo barabarani. Nikamwona marehemu baba yuko kwenye shimo la kupasulia mbao na msumeno wake, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi, nami nimempelekea uji. Nikaiona mitaa ya kwetu Makanyagio, nikawasikia akina mama wa Majengo wanavyogombana kwa ajili ya dagaa. Machozi yalinitoka, sikufichi. Na vijana wanaoshusha zile mbao ni watatu tu, jasho linawatiririka.

Wewe unajua malezi yetu. Kwetu ukiwakuta watu shambani huwaambii "poleni na kazi" halafu ukaenda zako. Unaomba jembe, unalima mstari mmoja, ndipo salamu inakamilika. Ndivyo nilivyokupata wewe, au umesahau? Nilikuwa nakwenda mjini na baiskeli, nikawakuta wewe na mama mkwe mnapalilia karanga. Nikalima mstari mmoja, nikalima wa pili, nikalima wa tatu, mpaka mama yako akasema, "Huyu kijana hana safari huyu." Basi na siku ile niliingia getini, nikainamisha bega, nikachukua ubao.

"Mwizi! Mwizi huyo, anaondoka na ubao!"

Weee! Mlinzi akanikaba shati. Wauza maandazi wakaja mbio, mmoja na mwiko wake mkononi. Nami badala ya kuuweka ubao chini, ndiyo kwanza nimeukumbatia. Ningeumizwa bure kama asingetoka mwenye karakana, Fundi Rashidi, mzee mfupi mwenye penseli sikioni.

"Unakwenda wapi na ubao wangu?"

"Naupeleka ndani, mzee. Nawasaidia."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Kwetu Mpanda ndivyo tulivyo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapa mjini, bwana, uliza kwanza. Haya malizia. Lakini kazi sina."

Nikamwambia sijaomba kazi. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Nikawa nazipanga mbao kama baba alivyonifundisha, fito katikati ili upepo upite zisipinde. Nafagia maranda, nashika upande wa pili wa msumeno. Mchana wananigawia ugali. Vijana walinitania, "Huyu kaajiriwa na Mungu." Njaa ilikuwepo, lakini nilikuwa na pa kwenda asubuhi.

Miezi mitatu ilipopita nikamfuata fundi, nikamwambia waziwazi, "Mzee, naomba uniajiri."

"Kijana, ningekuwa na oda ningekuajiri jana."

"Nikizileta mimi?"

"Utazileta kutoka wapi, Mpanda?"

Nikatoka kwa miguu. Shule, misikiti, makanisa, zahanati, kote nilipiga hodi. Sikuulizia kazi tena, niliuliza mlango gani unawasumbua. Wengi walinifukuza. Kwenye shule moja mwalimu mkuu, mama mkali huyo, akaniambia hanunui kitu. Nikamwonyesha darasa lililozibwa mlango kwa gunia, nikatoa kamba mfukoni nikaanza kupima palepale, watoto wananicheka. Mwishowe akasema, "Mkitengeneza milango yote mnamaliza lini?"

Nilirudi mbio, karatasi ya oda imelowa jasho. Fundi Rashidi akaisoma mara mbili, akatoa penseli sikioni, akanipa. Jumatatu iliyopita akaniandikisha.

Bado niko kwenye chumba kilekile. Msumari uliokuwa unatundikia kanga yako upo, sijatundika kitu kingine. Jioni hutoka na harufu ya mninga kwenye nguo, na mara nyingi sizivui mapema, nalala nayo kama niko Ilembo.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie mwanawe si mtu wa kizingitini tena. Mdogo wangu Doto mwambie baiskeli ya baba aipake mafuta, asiitupe mvuani. Jirani yetu Mama Yeremia, Mrundi wa watu, mwambie maharage yake nayaota.

Sasa la mwisho, na ndilo zito. Nilipokuwa sina kazi, kila jioni nilijipa moyo kwamba huji kwa sababu tu sina kazi. Leo kazi ninayo, na sina tena cha kusingizia. Wewe una shamba lako huko, umezoeana na watu, na Doto aliniandikia kwamba Neema akiulizwa baba yuko wapi anaonyesha reli. Naogopa, mke wangu. Naogopa kuliko nilipokuwa sina kitu. Kama unakuja, panda treni tu, wala usipoteze muda kuandika. Kama huji, usimpe Doto kalamu akuandikie. Niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Nakusubiri,
mumeo, Baba Neema