Jani Ambalo Hukuliona

Baba, shikamoo.

Ni mimi Elifuraha, mwanao fundi cherehani. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike pale penye migomba, na sikukuandikia mapema kwa sababu ya aibu.

Habari za huku kwanza. Kahawa sasa wanunuzi binafsi wanaifuata na magari yao hadi barabarani, si lazima tena kuipeleka chama cha ushirika. Ungebishana nao sana. Mjini mitumba imejaa, hakuna anayeshonesha gauni jipya, kazi yangu imebaki kupunguza suruali za Wazungu warefu. Nacheka, lakini ndiyo hali.

Kilichonifanya niandike ni macho. Nilianza kujigonga kwenye meza, kukanyaga kuku, kupishana na watu bila kuwasalimu. Jirani akanisema, "Mama Neema siku hizi anaringa." Nikamjibu kwamba naona vizuri, hata uzi natunga mwenyewe. Hapo hapo nikakumbuka, Baba, kwamba maneno hayo ya kuona vizuri yalikuwa yako. Kesho yake nikaenda kwa daktari.

Aliniambia nitazame pua yake, kisha akaleta kidole polepole kutoka pembeni. Kilichelewa mno kufika. Akasema ni presha ya macho, inakula pembeni kimyakimya, na hutembea katika ukoo. Akauliza kama mzazi wangu alikuwa kipofu. Nikasema hapana, baba alikuwa akisoma somo kanisani. Ndipo akanieleza kwamba upofu wa kisheria si lazima uwe giza tupu. Yupo anayehesabiwa kipofu kwa sababu hata akivaa miwani, jicho lake lililo afadhali haliwezi kuhesabu vidole vya mtu aliye mita tatu mbele yake. Na yupo anayesoma herufi ndogo kabisa, lakini upeo wake umebaki kama wa kuchungulia kwenye mwanzi. Huyo naye huhesabiwa. Mimi sijafika huko. Wewe nadhani ulikuwa umefika, na sisi tukakuita mwenye kiburi.

Nakumbuka siku ile Baba mdogo Anaeli alipokuletea sale, jani letu la msamaha. Mlikuwa mmegombea mpaka wa shamba miaka mingi, mwishowe akachuma jani, akalifunga fundo kama anavyofanya mtu wa kwetu akiomba msamaha, akasimama kando ya mlango wa kanisa akakunyooshea. Sale haikataliwi, hata uwe na uchungu gani. Ukapita. Ulipita karibu hadi koti lako likaligusa. Watu walishika vichwa. Jumapili iliyofuata ukasoma Zaburi bila kukwama, naye Baba mdogo akasema, "Anayeona herufi kama sisimizi atashindwaje kuona jani?" Hakukanyaga kwako tena mpaka siku ya mazishi.

Uliniambia, "Mwanangu, sikuliona." Nami nikakujibu, "Baba, acha uongo, umeshazeeka." Uliendelea kumenya ndizi. Nisamehe, Baba. Wewe hukuwahi kusema uongo, nami nilijua, na bado nilisema.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kikwe kwa Baba mdogo. Nilimkalisha, nikamwambia akunje viganja kama bomba mbele ya macho na asome kalenda ya ukutani. Akaisoma, tarehe zote. Nikanyoosha jani la sale pembeni yake, nikamuuliza anaona nini. "Kalenda," akasema. Nikamwambia ashushe mikono ageuke. Aliliangalia lile jani muda mrefu, kisha akaanza kulia, mzee mzima, na mimi nikalia naye.

Tulikuja kwako pamoja. Ulimsikia? Alichuma jani bichi, akalifunga fundo mwenyewe. Hakuliweka kando. Aliliweka katikati ya kaburi, upande wa kichwa, akasema, "Kaka, safari hii nimeliweka mbele."

Dawa ya matone naweka kila siku. Neema na mdogo wake nitawapeleka wapimwe kabla ya shule kufunguliwa, hilo nakuahidi. Pumzika sasa, Baba, ugomvi umekwisha. Na mtu yeyote akiniambia hakuona, nitamwamini.

Mwanao,
Elifuraha