Jiwe Lililonyamaza

Buffalo, Jumamosi usiku

Na bado mume wangu ananicheka! Asubuhi jiwe la mashine ya kunolea lilimdondoka sakafuni. Nikaligonga kwa kidole, kama mama yangu alivyokuwa akigonga vyungu sokoni kabla ya kununua. Chungu kizima hulia, chenye ufa hunyamaza. Jiwe lilinyamaza.

"Mama Neema, hicho si chungu," mume wangu akasema. Bon, haya, akalirudisha kwenye mashine, akanoa minyororo ya chenso, ile misumeno ya kukatia miti, uso kauinamisha pale pale. Nilisimama mlangoni, hata kuomba siwezi. Likipasuka likizunguka vile...

Sasa yuko kazini, zamu ya usiku. Nimelifungua lile jiwe, nimelificha chini ya gunia la mchele.

Akirudi atalitafuta, atafoka. Afoke tu. Nataka abaki na mdomo wa kufokea.