Damu Haifagiwi kwa Ajili ya Mkaguzi

Mama Masika,

Wewe umekufa, lakini ukaidi wako hukwenda nao. Uliuacha hapa Masisi, umekaa kichwani mwa binti yako kama kitambaa ulichokifunga mwenyewe, na mimi ndiye ninayepambana nao kila asubuhi. Nakuandikia nikiwa na hasira. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ningemwandikia yeye.

Nianze na habari, maana hukupenda mtu azunguke mlima kabla ya kusema. Masika ana mimba. Mjukuu uliyekuwa ukimdai kila Jumapili baada ya misa, kwa sauti, mbele ya watu wote, ameamua kuja sasa, wakati mume wake amekwama Butembo na njia zimefungwa. Kwa hiyo nimemchukua Masika akae kwangu. Ulipoondoka kwenda Omate, kule machimboni, na mizigo yako ya kuuza, uliniambia, "Madamu, ukiona huyu mutoto anapotea, umurudishe." Haya. Namrudisha. Lakini wewe ndiye uliyemwonyesha njia ya kupotea.

Unakumbuka mlivyokatwa wote wawili, wewe kwanza, yeye miaka michache baadaye, rovu lile lile, uvimbe wa tezi, shingoni. Wakati huo nilikueleza, na nakueleza tena kwa sababu hukunisikiliza. Tezi ya koo ni mpishi anayechochea moto wa mwili mzima. Mpishi akiondolewa, moto unahitaji kuni kutoka nje, na kuni ni kinini kile, kidonge kidogo cha asubuhi. Kila siku. Si siku za baridi tu, si siku unazojisikia mzito tu. Ulinijibu ukifunga magunia ya chumvi, "Madamu, weye unafundishaka hata batu wenye wamesinzia." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa sikiliza alichofanya binti yako.

Alipojua ana mimba alikwenda Goma kupima damu, ili daktari aone kama dozi inatosha. Nilimwacha aende na watu wa kanisani. Nilidhani mtu mzima aliyesoma hadi darasa la sita la sekondari anajua kwenda kupimwa. Daktari aliangalia karatasi, akamwangalia yeye, akaangalia karatasi tena. Akamwuliza, "Dada, mbona damu yako iko nasema mambo mbili?" Masika akajibu kwamba yeye anakunywa dawa vizuri sana. Daktari akamwambia anywe kila siku bila kuruka, kisha arudi baada ya mwezi mmoja, kwa maana kwa majibu yale hawezi kujua aongeze ama apunguze.

Aliponisimulia nikajua palepale. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo kwako kwa miaka. Nikamwambia, "Leta kopo."

Akalileta. Kopo lile lile lako la maziwa ya unga, lenye mfuniko uliobonyea. Ndani kulikuwa na vinini, sasa vya Masika mwenyewe, vingi, vimetulia kama mbegu.

Mama Masika, nilikaa chini.

Wewe na mimi tulisoma shule moja ya msingi, unakumbuka siku za mkaguzi. Wiki nzima kabla hajafika hakuna kusoma. Ni kufagia uwanja, kupaka chokaa mawe ya njiani, kuazima madawati ya shule ya ng'ambo ya bonde. Mkaguzi anakuja, anaona shule nzuri, anaandika "vizuri," anakwenda. Kesho yake madawati yanarudishwa na watoto wanakaa tena chini. Baadaye nikawa mwalimu, kisha mkurugenzi wa shule, nikafanya vilevile, na nikaona kwamba shule yetu haikupata madawati kamwe kwa sababu mkaguzi hakuona hata mara moja kwamba hatuna.

Ndivyo ulivyokwenda kupimwa wewe. Siku za kawaida unaruka kinini, unakiweka kwenye kopo, wiki ya kupimwa unameza kila siku, na asubuhi yenyewe unameza vitatu kwa mpigo, unavaa kitenge kipya, unasema, "Damu nayo ipendeze." Nikikugombeza ulikuwa na jibu: vita. Leo njia ya Sake ya kwenda Goma iko wazi, kesho imefungwa, dawa ikiisha utaitoa wapi? Bora kuweka.

Hoja haikuwa ya kijinga. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sote tumejifunza kuweka chumvi, sabuni, mbegu za maharage. Lakini chumvi unaiweka baada ya kula, huiweki badala ya kula.

Na damu si mkaguzi wa kudanganywa. Nilimkalisha Masika jikoni nikamweleza, na wewe sikiliza kutoka huko uliko. Ndani ya damu daktari anawauliza mashahidi wawili. Wa kwanza ni homoni yenyewe, ile iliyomo katika kinini. Huyo ana kumbukumbu fupi: ukimeza asubuhi, saa chache baadaye anasema, "Hapa tumeshiba." Wa pili anatumwa na ubongo kwenda kuidai tezi ifanye kazi, na huyo anakumbuka wiki nyingi. Mwezi mzima ukimpa njaa, asubuhi moja ya shibe haimnyamazishi. Basi mmoja anacheka, mwingine analia, na daktari hajui amsikilize yupi. Ndiyo maana siku ya kupimwa mgonjwa hamezi kwanza. Anabeba kinini chake, anatolewa damu, halafu ndipo anameza. Na wiki zote kabla ya siku hiyo anameza kama kawaida, bila kuruka, bila kurundika. Kujitayarisha ni huko tu. Hakuna kufagia.

Masika akaniambia, "Lakini Mama alikuwa anafanya hivi."

Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Na Mama yako yuko wapi?"

Tulilia wote wawili, kisha nikachemsha maharage, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu achemshe maharage.

Sikuwahi kukuandikia juu ya kopo hilo. Wale vijana wachimbaji waliorudi kutoka Omate kwa miguu, njia ilipofungwa, walitusimulia. Walisema vinini ulivyobeba viliisha. Walisema ulikuwa unasikia baridi mchana wa jua, sauti ikawa nzito kama ya mwanaume, unasinzia umekaa juu ya magunia yako huku mteja amesimama. Walidhani umechoka. Watu wema, walikufunika blanketi. Blanketi! Moto ulikuwa umezimika ndani. Asubuhi moja hukuamka. Na hapa nyumbani, chini ya kitanda chako, lilikuwepo kopo limejaa. Vingi vilikuwa vimeshapitwa na tarehe. Ulikuwa unaviwekea siku ya njia kufungwa, ukasahau kuvibeba siku ya safari.

Nimekasirika tangu siku hiyo, Mama Masika. Watu wanadhani ni uzee.

Basi, mwezi huo nilimlinda Masika kama mtihani wa serikali. Mtoto akiwa bado mdogo tumboni hana tezi inayofanya kazi; anaishi kwa homoni ya mama yake. Mama akiwa na njaa, ubongo wa mtoto nao unajengwa kwa njaa. Nilimwambia hivyo mara moja tu, sikutaka kumtisha. Lakini asubuhi akiamka, maji ya kikombe, kinini, kisha kukaa bila kula hadi nimalize kufagia nyumba yote na kulisha kuku.

Unadhani ilikuwa rahisi? Mama Riziki, jirani yetu mwenye ng'ombe, alifika kila alfajiri na maziwa ya moto. "Mama wa mimba anyweshwe maziwa mbele ya jua!" Ni nani wa kukataa maziwa Masisi? Nilimweleza kwamba maziwa yanakishika kinini njiani, hakifiki kwenye damu. Akaniangalia kana kwamba nimemtukania ng'ombe. Siku tatu hakunisalimia. Mwishowe akakubali kuyaleta karibu na saa sita mchana, akilalamika kwamba yamepoa. Na vile vinini vya kuongeza damu ambavyo santa, zahanati yetu, walimpa kwa ajili ya mimba, navyo vinapigana na hiki, nikavihamishia jioni. Kisha akina mama wa maombi wakaja wakataka Masika afunge siku tatu, asinywe hata dawa, damu iwe safi kabla ya kupimwa. Nikawaambia wafunge wao, sisi tutawaombea.

Siku ya safari tukapanda lori la viazi. Kinini cha siku hiyo nilikifunga kwenye kona ya leso ya Masika. Kabla ya kufika Sake, bariere, kizuizi cha askari. Mvua. Askari mmoja kijana akafungua mizigo yote, akafungua na leso. "Hii ni nini?" Dawa. "Dawa ya nini? Mumeze sasa hivi tuone kama haiko sumu."

Masika, mtoto wako, akanyoosha mkono achukue. Mwezi mzima wa kazi yangu!

Nikamshika mkono. Nikashuka kwenye lori, mimi na magoti yangu, nikasimama kwenye tope nikaanza kumweleza askari. Nilianza na tezi. Nikaja kwa mpishi na kuni. Nilipofika kwa shahidi wa kwanza watu juu ya lori walianza kunung'unika, mmoja akapaza sauti, "Afande, muachie Madamu apite, ataanza na darasa la kwanza!" Nilipofika kwa shahidi wa pili yule kijana akafunga leso mwenyewe, vizuri, mafundo mawili. "Muende, Mama. Muende. Munanichokesha kichwa." Tulipokuwa tunapita Mubambiro, Masika alicheka hadi akashika tumbo. Ni kicheko chako. Nilikuwa sijakisikia tangu uondoke.

Huko Goma wakamtoa damu kwanza. Akameza kinini kwa maji, mbele yangu, tukangoja, ndipo tukala mandazi. Tulilala kwa binamu yangu, na kesho yake tukarudi kuchukua majibu.

Yalikuwa mabaya, Mama Masika. Mabaya kabisa. Mashahidi wote wawili walisema neno moja: dozi haitoshi, mimba inakula kuliko anachopewa. Daktari akasema, "Sasa naona. Sasa nina kitu cha kufanya." Akaongeza dozi, akatupatia na vinini vya akiba. Akasema tumefika mapema, mtoto bado ana nafasi yake yote.

Nilifurahi hadi Masika akanionea aibu. Maisha yangu yote nilimwonyesha mkaguzi uwanja uliofagiwa. Safari hii tulimwonyesha shule yenyewe, watoto wamekaa chini, na madawati yakaja.

Akiba tumeiweka, usidhani nimekuwa adui wa akiba. Ila ni ya siku njia ikifungwa. Kila tunapopata vipya, vya zamani ndivyo vinavyomezwa kwanza, na vya akiba vinakaa kwenye mkoba wa Masika, si chini ya kitanda. Akitoka hata kwenda kisimani anatoka navyo.

Rafiki yangu, hasira imepungua kidogo kwa kuandika. Imebaki ile ambayo nadhani haitaisha, nami sitaki iishe, kwa kuwa ndiyo inayoniamsha asubuhi kabla ya Mama Riziki. Lala salama huko Omate, kwenye ardhi ya watu, mbali na misa yako. Njia ya Walikale, ya kuja huko kwako, itafunguka siku moja. Njia zote hufunguka. Nitakuja na Masika na mtoto wake mgongoni, tutakusafishia kaburi, na nitaweka juu yake lile kopo lako la maziwa.

Litakuwa tupu. Nakuahidi.

Madamu wako