Maua Yako, Mama, Yamemkubali Mkamwana

Mama yangu uliyetutoka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na wa kulaumiwa ni wewe.

Unayakumbuka yale maua yako ya pori, ya waridi na meupe, yenye majani membamba kama ya karoti? Yalipanga mstari kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako, huko Rombo. Kila Desemba tulipopanda kuja kula sikukuu tuliyakuta yamechanua, nawe umesimama katikati yake na kanga mabegani, unacheka. Nikikuuliza unayatunzaje, unanijibu, "Yanajiotea tu, mwanangu. Ingia ndani ule."

Basi, baada ya mazishi yako nilibeba mbegu nikazileta kwangu Shirimatunda. Nilitaka niwe na kitu chako. Unajua ulivyotulea: mgomba haukosi samadi, kahawa haikosi samadi, hata boga lililojiotea jalalani unalitupia samadi. Nami nikayajazia samadi ya ng'ombe, nikamwagilia asubuhi na jioni. Mama, yalinipita kimo! Majani matupu, ua hata la dawa sikuliona.

Krismasi hii nikapanda Rombo, kihambani, kwenye lile shamba lako la nyumbani. Kwa mkamwana wako, mke wa kitinda mimba wako, njia nzima imechanua. Yeye, mtoto wa Mabogini, aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga, ambaye alipoolewa hakujua hata kumkatia ng'ombe majani! Roho iliniuma, nisikufiche. Nyumba kapata, kihamba kapata, sasa na maua yamemkubali.

"Wifi, umeyalisha nini haya?" nikamuuliza, nikijitahidi kutabasamu. "Mimi nimeyawekea samadi mpaka basi."

Akashika kiuno kwa kicheko. "Samadi? Ai, wifi! Mama alinikataza kabisa. Alisema mmea wa pori ukiubembeleza unadeka, hautoi ua. Yeye alikuwa anatifua kando ya njia, pale penye udongo mbovu, anamwaga mbegu mvua za vuli zikikaribia. Alikuwa anapiga hesabu ya Krismasi, ili ukifika yakupokee. Hata ule mwaka uliosema huji, alipanda vilevile."

Yanajiotea! Na mimi nikaamini miaka yote hiyo, nikapita katikati yake na mizigo yangu nikienda kula.

Nimerudi na mbegu nyingine. Vuli ijayo nitazimwaga kwenye kile kipande kibaya karibu na geti, na samadi nitampa jirani. Najua yatachanua. Lakini usidhani wivu umeisha, Mama, umezidi. Mimi nilipata maua tu. Yeye alikuona umeinama, mikono ina udongo, ukinisubiri.

Pumzika, Mama.

Binti yako