Viatu Namba Arobaini na Tano

Sirpa, uko wapi? Niko hapa karakana ya uwanja wa barafu.

Mwenyekiti wa klabu kaingia asubuhi, kanibwagia mezani viatu vya kuteleza barafuni, vile vyenye vyuma chini. "Tuula, noa hivi. Vya kocha achana navyo."

Achana navyo! Vya Veikko! Mtu kafundisha hoki nchi nne, kaifikisha timu ya taifa fainali, na mimi miaka sita namnolea kila siku!

Nikatazama namba. Arobaini na tano. Veikko anavaa arobaini na mbili.

Mara huyo, Veikko mwenyewe, filimbi shingoni, meno nje. "Dada Tuula, vya nani hivyo?"

Mimi mjinga nikaropoka: "Vya mchezaji mpya."

Shoga, kicheko kikamkauka. "Mchezaji gani mpya? Wachezaji si nawachagua mimi?"

Nawachagua mimi!

Akapitisha kidole kwenye makali. Akavua filimbi, akaiweka juu ya vile viatu, taratibu.

Na sauna ya mwenyekiti, kile chumba chake cha mvuke, unaijua. Makocha wawili waliopita waliitwa humo wakiwa na kazi, wakatoka hawana.

Sasa hivi mwenyekiti kachungulia mlangoni: "Veikko, chukua taulo. Sauna imeshapata moto."