Stempu Mia Moja Themanini na Saba na Utomvu wa Mgomba

Leeds, Uingereza

Kaka Projestus, shikamoo.

Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo unataka. Hamjambo hapo Nyakakika? Mguu wa mama umepona? Kahawa mmeshachuma? Mimi mzima. Bado nafua mashuka ya hospitali, mikono inapasuka kwa dawa. Hayo umeyazoea.

Albamu yangu imefika. Yule sista wa Bukoba aliyekuja kusoma huku aliibeba vizuri, kaifunga ndani ya kitenge chake. Yeye sina neno naye.

Nilikuachia albamu ile nilipokuja likizo kwa sababu chumba changu kina unyevu, na ukungu unakula karatasi. Nikakueleza ukiwa kwenye kiti chako pale sebuleni: hizi ni stempu nyekundu za peni moja, zenye kichwa cha malkia wao, Waingereza walizichapa walipoiacha ile nyeusi ya kwanza kabisa. Karatasi moja ilikuwa na stempu 240, safu ishirini, kila safu kumi na mbili, na kila stempu ina herufi mbili chini zinazoonyesha ilikaa wapi. Natafuta moja moja, natazama kwa lenzi herufi ilivyoegemea, hadi nijue zilitoka kwenye bamba moja la kuchapia, ndipo naiweka mahali pake. Miaka tisa, stempu 187. Zilibaki 53. Ukacheka: "Deus, mtu mzima unapanga picha mia mbili za mwanamke mmoja!"

Nikakuambia usiiguse, nimezishikiza kwa vikaratasi laini makusudi, ili zibanduke bila kuchanika. Wewe wageni wa jumuiya walipokuja ukawapitishia kama picha za harusi. Zikadondoka. Ukaenda kibanjani, ukakata mgomba, ukazibandika kwa utomvu. Utomvu, kaka! Mtu uliyezaliwa katikati ya ndizi! Mama alituchapa mara ngapi kwa doa la utomvu lililokaa kwenye shati mpaka shati likawa tambara?

Nilipoifungua, zote nyeusi. Nikakupigia simu, hukuitikia hata shikamoo yangu kwa kucheka. "Nimekukazia, hazitoki tena! Na kama zimekuwa nyeusi, si ulisema nyeusi ndiyo ya kwanza?"

Sasa sikiliza ulichocheka. Wazee wa chama cha stempu hapa walikuwa wamenipa Jumamosi moja nionyeshe kazi yangu. Mmoja aliwahi kuniuliza ni nani anayenipangia, maana mfua mashuka hawezi. Nilitaka aone kwa macho yake. Nikaenda nayo hivyo hivyo, sikuwa na nyingine. Akafunua kurasa tatu, herufi hazisomeki, akaifunga polepole kama mtu anayefunika maiti. Nikasimama, nikaeleza kwa kichwa, ya kwanza mpaka ya 187, ipi ilikaa wapi na nimejuaje. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza katibu akaandika mstari mmoja: kazi haikuweza kukaguliwa. Kisha wakanipa chai. Adabu yao iliniuma kuliko kicheko chako.

Unakumbuka baba alipokuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja tu sekondari? Ulienda wewe. Mimi niliishia la saba, nikashika jembe, na sikunung'unika. Stempu zile ndizo zilikuwa sekondari yangu, kaka. Nilijifundisha mwenyewe, na nilikuwa nakaribia kumaliza.

Nisalimie mama, ila barua hii usimsomee. Msalimie shemeji, yeye najua alikukataza. Na shangazi wa Kanoni, mwambie dawa yake ya kifua nimeshaipata, itakuja na sista akirudi huko.

Krismasi nitakuja. Usinichinjie mbuzi. Nipeleke tu kibanjani ukanionyeshe mgomba ulioukata.

Shikamoo tena. Safari hii soma mpaka mwisho, ndipo uitikie.

Mdogo wako,
Deus